Sakafu ya Chumba cha Nyuma

Kajiado,
9 Mei 2004

Kwa kaka Sironka,

Salamu kutoka kwetu. Sisi hatujambo. Phylis alikuwa na kikohozi tangu Pasaka lakini sasa amerudi shule, na mdogo wake ameanza kunizidi urefu. Natumai ng'ombe wamepata nyasi baada ya hii mvua, na mke wako mguu umepoa. Msalimie yeyo. Mwambie mama yetu simu yangu ni nzima, ni wewe tu unaikata ukisikia sauti yangu, ndiyo sababu nampa Simel wa maziwa hii barua.

Sasa neno langu. Hospitali imetupa notisi. Wauguzi wote tunaokaa nyumba za wafanyakazi tutoke kufikia mwisho wa Desemba, wanajenga wodi mpya. Mimi na wasichana hatuna pengine pa kwenda ila Kitengela, kwa nyumba yangu, kwenye ile ploti aliyonipa baba akiwa na akili zake timamu. Benki imekubali kunipa mkopo wa kuimalizia, maji, umeme, choo cha ndani na madirisha ya nyuma, lakini nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Kwa hivyo watamtuma mthamini wao, mtu wa kukagua na kusema nyumba ina thamani gani, anaitwa Nzomo. Nilimuuliza kama sakafu isiyo na vigae inahesabiwa. Akasema simiti tupu inakubalika, mradi ni ngumu, imenyooka na haina nyufa. Chumba kimoja kikiwa bado, anaandika nyumba haijakamilika na mambo yanaishia hapo.

Nilimwachia fundi Muteti simiti ya kutosha vyumba vyote vinne. Wewe uko hapo jirani na ufunguo unao. Nijibu tu kama sakafu zimekwisha.

Ningekuja kujionea, lakini unajua kwa nini siji. Siku tulipomhamishia yeyo humo, Februari, ulisema mbele ya wajomba kwamba mwanamke aliyeachwa na bwana hajengi kwenye ardhi ya baba yake. Mimi nikaapa mbele ya wale wale kwamba sitavuka kizingiti cha hiyo nyumba mpaka urudishe neno lako. Sijasikia umelirudisha.

Dada yako,
Margaret


Kitengela,
30 Mei 2004

Kwa Margaret,

Barua imefika. Simel aliisahau chini ya mitungi, ina harufu ya maziwa yaliyolala. Huku tuko sawa. Mke wangu anatembea. Ng'ombe wamepata nyasi upande wa Kisaju, ingawa kila wiki mtu wa Nairobi anaweka seng'enge mahali pengine na tunazunguka. Yeyo anakusalimu. Anakula vizuri.

Uliuliza sakafu. Zimekwisha.

Mimi nimeishi miaka hamsini na sijawahi kusikia mtu anaapa kutokanyaga nyumba yake mwenyewe. Desemba utaingia kwa dirisha? Neno langu la Februari sikulisema nikiwa nimelewa. Baba alikuwa mgonjwa alipogawa hiyo ploti, na waliomshika mkono walikuwa wanawake watupu.

Ukaguzi wako uje tu. Nitafungua mlango, kwa sababu ya yeyo, si kwa sababu yako.

Sironka


Kajiado,
4 Julai 2004

Kwa kaka Sironka,

Habari za huko. Huku ni baridi na vumbi, na nusu ya wodi yangu ni watoto wa kifua. Phylis amekuwa wa pili darasani. Yeyo ameacha hata kunipigia kwa simu ya mke wako kama zamani, nataka kujua kwa nini.

Mthamini alikuja huko tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Jana niliitwa benki nikasomewa alichoandika. Paa ni zuri. Kuta ni nzuri. Vyumba vitatu vina sakafu ya simiti, ngumu, imenyooka. Chumba cha nyuma anacholala yeyo kina sakafu ya udongo uliopakwa samadi ya ng'ombe. Nyumba haijakamilika, mkopo umesimama. Na yule mkaguzi wa baraza, anayetoa cheti kwamba nyumba inafaa kukaliwa na watu, amesema hata yeye hawezi kutia sahihi hivyo.

Nilikaa kwa hicho kiti mbele ya kijana wa tai kama mtu aliyeshikwa akiiba. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba sakafu zote zimekwisha, kwa sababu kaka yangu aliniambia zimekwisha.

Wamenipa nafasi moja tu ya kukaguliwa tena, mwezi wa Novemba. Baada ya hapo faili inafungwa, na Januari mimi na watoto tuko barabarani na masanduku.

Sasa niambie, na usizunguke. Simiti ya chumba cha nne ilienda wapi? Nimesikia umejenga birika jipya la kunyweshea ng'ombe.

Margaret


Kitengela,
18 Julai 2004

Kwa Margaret,

Hatujambo. Yeyo hajambo.

Birika langu ni la mabati. Mwulize yeyote.

Niliandika sakafu zimekwisha, na zimekwisha. Yule mtu wako wa benki aliingia na viatu vya tope, akaikwaruza kwa kisigino, akaandika anachotaka. Hiyo si kazi yangu.

Sironka


Kajiado,
8 Agosti 2004

Kwa Sironka,

Sitaandika salamu ndefu. Hatujambo.

Wiki hii fundi Muteti aliletwa hapa hospitali, kidole kimekatwa na msumeno. Nilimshona mimi mwenyewe. Nilipokuwa nafunga bandeji nikamuuliza kuhusu chumba cha nyuma, na mtu aliye na kidole mkononi mwa muuguzi hadanganyi. Akasema, "Madam, mimi nilimwaga zote nne. Hiyo ya nyuma ndio ilitoka smart kuliko zote. Nilimaliza mwezi wa tatu na mama akatoka chumba cha mbele akaingia hapo." Nikamwambia mtu wa benki amekuta samadi. Akasema, "Hiyo uliza brother yako Sironka. Mimi nisiingilie mambo ya boma."

Kwa hivyo simiti ilikuwepo, na sasa haipo. Haikutembea. Nakuuliza mara ya pili na mara ya mwisho.

Margaret


Kitengela,
12 Septemba 2004

Kwa Margaret,

Barua yako nimekaa nayo. Jua limeanza kuwa kali na ndama wawili wamekufa. Binti yangu Kakenya ameolewa huko Mashuuru, sherehe ilikuwa mwezi uliopita. Tulikuwekea kiti na hukuja.

Umeuliza mara mbili. Ni mimi niliyevunja. Nilivunja kwa nyundo yangu, mwezi wa nne, siku mbili nzima, nikatoa vipande kwa toroli nikavitupa kwenye shimo la barabarani. Muteti aliniona. Nilimwambia akifungua mdomo nitamvunja na yeye.

Sababu sikwambii. Ukitaka kufikiria ni ardhi, fikiria ni ardhi. Wewe ndiye msomi.

Sironka


Kajiado,
19 Septemba 2004

Kwa Sironka,

Nimesoma barua yako nikiwa zamu na ilibidi nitoke nje. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa, usiku na mchana, kwa hiyo nyumba. Bwana aliponiacha hukuja hata kuniuliza watoto wanakula nini. Baba alinipa pale mahali kwa sababu aliona hutanipa wewe. Na wewe umechukua nyundo ukavunja sakafu chini ya miguu ya mama yako, ili benki inikatae, ili nikate tamaa, ili uweke ng'ombe humo. Nakuchukia kwa hilo, na nimeliandika ili usije ukasema hukuambiwa.

Sasa sikia nitakavyofanya. Jumamosi hii, tarehe ishirini na tano, natuma gari kumchukua yeyo. Atakaa na mimi hapa mpaka Desemba. Jumatatu Muteti anaingia na vibarua, anachimba huo uchafu na kumwaga simiti upya. Chifu nimeshamwona. Ukisimama mlangoni, utasimama na askari wake.

Usinijibu. Fungua tu mlango.

Margaret


Kitengela,
23 Septemba 2004

Kwa Margaret,

Umesema nisijibu. Najibu, na Simel nimemtoa kitandani ili hii ifike kabla ya gari lako.

Hiyo gari usiitume. Yeyo hataingia. Akiingizwa kwa nguvu hatajua yuko wapi, na utakuwa umemmaliza wewe, si mimi.

Haoni, Margaret. Jicho la kushoto liliondoka mwaka jana, la kulia linaona mwanga wa mlango tu. Ni zile kope zinazokua kuelekea ndani, zinamkwaruza, zile anazong'oa kwa kibano kidogo alichorithi kwa bibi. Wewe Februari ulikaa karibu naye mchana kutwa, akang'oa mbele yako, ukasema ni moshi. Wewe ambaye unalipwa na serikali kuangalia watu. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utamlaza hospitali, na yeye ameona wanaolazwa.

Alipoingia kwenye hiyo simiti yako ya smart alipotea. Nyumba zote alizokaa maishani alizijenga kwa mikono yake, anajua mguu ukiinuka kidogo ni kitanda, ukiteremka ni mlango. Sakafu ya Muteti yote ni moja. Aliniambia, "Hapa hakuna mahali. Ni kama kusimama kwa maji." Mwezi wa nne alimwaga chai, akateleza, akaanguka ubavu. Nilimkuta anatambaa akitafuta ukuta, ukuta ulikuwa nyuma yake. Alikuwa ametambaa hivyo tangu asubuhi. Mimi nilikuwa malishoni.

Ndipo nikachukua nyundo.

Nilipomaliza kuvunja akasema leta udongo, leta samadi, leta majivu. Unajua hiyo ni kazi ya nani. Mke wangu mguu ulikuwa umefungwa, na Kakenya alikuwa amesafiri. Nikabeba mimi. Mwanamume mzima na ndoo ya samadi kichwani, kutoka zizini mpaka kwako, na wazee wa Kisaju wamekaa hapo nje wanangoja mnada. Mpaka leo wakiniona wanaulizana kama fundi wa sakafu amefika. Yeyo akapaka kwa magoti. Kona hazikufikiwa na mkono wake kwa sababu ya ubavu, na kona nilipaka mimi. Alikuwa ananiambia hapana, laini zaidi, na mimi nafanya laini zaidi. Ameweka tuta dogo kutoka kitandani mpaka mlangoni, analifuata kwa kidole cha mguu. Tangu siku hiyo hajaanguka.

Kwa hivyo niliposema sakafu imekwisha sikudanganya mtu. Imekwisha kuliko hizo zingine tatu.

Sasa unajua kwa nini sikutaka kusema. Na la ardhi, bado nasimama pale pale.

Sironka


Kajiado,
17 Oktoba 2004

Kwa Sironka,

Gari sikulituma.

Simel ana tyubu tatu za dawa ya macho. Vuta kope ya chini, weka kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na jioni, nawa mikono kabla na baada, na wewe na mke wako pia mtumie. Macho yake yafutwe kwa kitambaa chake peke yake, kichemshwe kila siku. Asing'oe kope tena. Kile kibano kifiche. Januari kuna madaktari wa macho wanakuja hapa kufanya upasuaji wa kope. Unachukua nusu saa na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, hakuna kulala. Mwambie hivyo, hakuna kulala.

Ulipaswa kuniambia mwezi wa nne. Kiapo cha mama hakizuii mtu mwenye akili kumwandikia dada yake ambaye ni muuguzi. Jicho la kushoto huenda halirudi tena, na hilo nitakudai.

Sasa sakafu. Nilikwenda kumwona Nzomo. Nilimuuliza kama anaweza kukubali chumba kimoja cha udongo kwa sababu ya mtu mzima mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya, alitafuta kwenye vitabu vyake mbele yangu. Akasema hapana. Kila chumba kinachoingilika kutoka ndani ya nyumba ni sehemu ya nyumba, na lazima kiwe na sakafu ngumu. Nikamuuliza, na kisichoingilika kutoka ndani? Akasema hicho si sehemu ya nyumba. Anakiandika kama kibanda kilichoegemea, hakihesabu na wala hakikatai. Nyumba itashuka thamani, mkopo utapungua, huenda choo cha ndani kikangoja. Nimemuuliza pia yule wa baraza, kasema sawa, mradi kina mlango wake wa nje na dirisha.

Kwa hivyo Muteti aje azibe mlango kati ya chumba cha yeyo na sebule. Azibe kwa mawe, apige plasta pande zote. Upande wa mashariki afungue mlango mwingine unaotazama zizi. Asiingie kwenye sakafu na viatu, na hilo tuta lisiguswe. Kabla hajavunja ukuta, mwulize yeyo mguu wake unataka mlango ukae wapi.

Utasema nimemtoa mama yangu nje ya nyumba yangu. Usiseme, nimeshajiambia.

Margaret


Kitengela,
21 Novemba 2004

Kwa Margaret,

Hatujambo wote. Mvua imenyesha siku tatu, magari yanalala njiani. Dawa tunaweka. Usaha umekauka, lakini uoni wake ni ule ule. Kibano nilificha, akakipata, nikakificha tena.

Muteti alimaliza wiki mbili zilizopita. Nilifikiri yeyo atalia mlango ukizibwa. Alikaa kitandani akisikiliza mawe yanapangwa, na safu ya mwisho ilipoingia akanyoosha mkono akapapasa, akauliza kama imefungika kweli. Nikamwambia imefungika. Akasema, "Afadhali. Nilikuwa nalala kwa sebule ya mtoto wangu kama mgeni aliyekosa gari." Halafu akaniambia nilete samadi, kwa sababu mlango mpya ni lazima tuta liugeukie. Nimebeba tena. Wazee walikuwepo tena.

Juzi walikuja wote wawili, Nzomo na yule wa baraza. Walipima vyumba vitatu, wakagonga sakafu kwa fimbo, wakasikiliza, wakaandika. Imepita, na cheti cha baraza nimekiweka kwenye Biblia ya mke wangu. Kisha wakazunguka nyuma. Yule wa baraza akaona mlango wa mashariki akauliza hiki chumba ni cha nani na kwa nini hakina simiti. Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Yeyo akatoka, akafuata tuta lake moja kwa moja mpaka kizingitini, akasimama mbele yake kana kwamba anamwona. Akasema kwa Kimaasai, na mimi nikatafsiri neno kwa neno:

"Hiyo kubwa ni nyumba ya msichana wangu. Hii ni yangu. Sakafu nimefanya mimi na kijana wangu. Kama unaingia, toa viatu."

Mtu wa baraza akavua viatu, na Nzomo akavua. Waliingia, wakakanyaga, wakatoka. Nzomo akaandika kibanda kilichoegemea, si sehemu ya nyumba.

Mpaka leo sijarudisha neno langu. Lakini siku hiyo yeyo aliposema msichana wangu mbele ya serikali, nilitafsiri sawasawa. Ningeweza kutafsiri vingine.

Sironka


Kajiado,
28 Novemba 2004

Kwa kaka Sironka,

Benki wamenipigia. Mkopo umetoka.

Tunakuja Jumamosi na wasichana, tumekodi lori dogo. Vitu vyangu viingie kupitia mlango wa mbele, wewe na Muteti mtavibeba. Mimi sitaupita. Kiapo changu kilikuwa juu ya kizingiti cha hiyo nyumba, na neno lako bado liko mahali ulipoliacha.

Uliniuliza kama Desemba nitaingia kwa dirisha. Nitaingia kwa mlango wa yeyo, ambao si sehemu ya nyumba, mthamini ameandika na baraza limetia sahihi. Tutalala hapo wanne. Vile vyumba vitatu vya simiti vikae vitupu na cheti chao mpaka siku utakapokuja na wajomba.

Usimwambie nakuja. Nitavua viatu nje, nitabisha, halafu ningoje aniite jina kabla sijasema kitu.

Zile kona ulizopaka, nitazikagua mimi kabla sijakaa. Zikiwa na ufa, utabeba ndoo tena.

Margaret